TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: MFUNGWA AFUNGWE KARIBU NA KWAO, NA MAGEREZA YETU YASIWE NYUMBA ZA KUPANGISHA

Ndugu wanachama,

Ujumbe huu ni mrefu kuliko zile tulizozoea kuwatumia. Asiye na muda ausome kwa vituo, na mwenye mzazi asiyesoma amsomee. Tunauandika kwa sababu mkutano wetu wa tawi wa Jumapili iliyopita ulivunjika tukiwa tunabishana, na ubishi wenyewe haukuwa wa kadi wala wa ada. Ulikuwa wa wafungwa.

*JAMBO LILIVYOANZA*

Mliohudhuria mnakumbuka. Katika mengineyo, mama mmoja mwanachama wetu alisimama akaomba tawi limsaidie nauli. Kijana wake alivuka kwenda upande wa Burundi kudai pesa za maharage aliyouza kwa mkopo, akakamatwa huko, akafungwa miaka mitatu. Kwa miezi saba nyumbani walidhani amekufa. Habari zake zililetwa na mchuuzi wa ng'ambo aliyemwona kwa bahati. Tangu wakati huo mama amekwenda kumwona mara moja tu, tena kwa kuuza mbuzi wawili. Aliulizwa, "Mama, tukuchangie nauli ya mara ngapi?" Akajibu kwamba yeye haombi mtoto aachiwe. Anaomba afungiwe Kibondo, ili awe anampelekea sabuni.

Hapo ndipo maneno yalipozuka. Mmoja akasema magereza yetu yamejaa Warundi, hakuna nafasi ya kurudisha mtu. Mwingine akasema basi tubadilishane, wao wachukue wa kwao na sisi tuchukue wetu. Wa tatu akasema amesikia kwenye redio kwamba nchi kubwa sasa zinalipa nchi za Afrika ziwapokee watu wao wa gerezani, kwa nini Kigoma tusipate na sisi hizo dola? Mwenyekiti akafunga kikao kwa sababu giza lilikuwa limeingia.

Ofisi ya tawi imekaa, imesoma, imehesabu. Huu ndio msimamo tunaoupendekeza kwenu. Mtaujadili Jumapili, mtaukubali au mtaukataa, lakini muujadili mkiwa na taarifa.

*MKATABA WA KUHAMISHA WAFUNGWA NI KITU GANI*

Tuanze na jambo lenyewe, maana wengi tulilichanganya. Kuhamisha mfungwa si kumsamehe. Tena si kumkabidhi mtuhumiwa kwa nchi inayomtafuta ili akashitakiwe. Huyu ni mtu ambaye tayari ameshahukumiwa katika nchi ya kigeni, na nchi mbili zinakubaliana kwamba muda uliobaki aumalizie kwao.

Si jambo geni. Nchi za Ulaya zilitia saini mkataba wa namna hiyo huko Strasbourg mwaka 1983. Nchi za Jumuiya ya Madola, na Tanzania ni mmojawapo, zilikubaliana utaratibu wao Harare mwaka 1986. Hapa nyumbani Bunge lilitunga sheria ya kuhamisha wafungwa mwaka 2004. Kwa hiyo anayesema jambo hili haliwezekani kisheria, sheria ipo kwenye vitabu kwa zaidi ya miaka 20.

Masharti ya kawaida ya mikataba hii ni haya:

1. Mfungwa awe raia wa nchi anayopelekwa.
2. Hukumu iwe ya mwisho, hakuna rufaa inayosubiriwa.
3. Muda uliobaki usipungue miezi sita.
4. Kosa liwe ni kosa katika nchi zote mbili.
5. Pande tatu zikubali: nchi iliyomfunga, nchi inayompokea, na mfungwa mwenyewe.

Shikeni vizuri hilo la tatu na la tano. Tutayarudia.

Sababu ya mikataba hii si huruma peke yake. Mfungwa atatoka siku moja. Aliyefungwa karibu na kwao hutembelewa na ndugu, hujua lugha ya askari, hujifunza kazi atakayoifanya mtaani kwake. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatunza wafungwa, zile zilizopewa jina la Mandela, zinasema katika kanuni ya 59 kwamba inapowezekana mtu afungwe karibu na nyumbani kwake. Yule mama wa Jumapili hajazisoma kanuni hizo, lakini ndilo aliloliomba.

*ARUSHA ILITUFUNDISHA NINI*

Tusitafute mifano mbali. Mfano mkubwa kuliko yote ulipita katika ardhi yetu, na sisi wa Kigoma na jirani zetu wa Kagera tunaujua kwa uchungu wake, maana waliokimbia mwaka 1994 walipita milangoni petu.

Umoja wa Mataifa ulipounda mahakama ya kushughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda, Novemba 1994, mahakama hiyo iliwekwa Arusha. Watuhumiwa walishikiliwa Arusha na kuhukumiwa Arusha. Lakini vifungo havikutumikiwa Arusha. Mahakama haikuwa na magereza ya kufungia watu miaka 30 au maisha, kwa hiyo iliingia mikataba na nchi zilizokuwa tayari. Mali ilitia saini ya kwanza, Februari 1999, na Benin ikafuata Agosti mwaka huo huo. Baadaye zikaja Swaziland, Ufaransa, Italia, Sweden, Rwanda yenyewe na Senegal. Desemba 2001 wafungwa sita wa kwanza walipandishwa ndege kwenda Mali. Mmoja wao alikuwa Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji, aliyefungwa maisha.

Katika historia hiyo yamo mafunzo mawili.

La kwanza ni la Georges Ruggiu, Mbelgiji aliyekuwa mtangazaji wa redio ya chuki ya RTLM. Alikiri makosa, akafungwa miaka 12 mwaka 2000. Mwaka 2008 akapelekwa Italia kumalizia kifungo. Mwaka 2009 Italia ikamwachia kabla ya muda, wakati kanuni za mahakama zilisema wazi kwamba hakuna kuachiwa mapema bila uamuzi wa Rais wa mahakama. Mtu alikuwa ameshatoka. Hakuna aliyemrudisha. Funzo: saini haitoshi, mkataba uandike nani atakagua na nani atajibu ukivunjwa.

La pili ni la walioachiwa huru na waliomaliza vifungo. Walibaki Arusha miaka mingi, hawana nchi ya kuwapokea. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ukaingia makubaliano na Niger, na Desemba mwaka huo watu wanane wakapelekwa huko. Kabla mwezi haujaisha, Niger yenyewe ikatoa amri waondoke nchini. Funzo: nchi inaweza kupokea watu leo kwa karatasi na kesho ikabadili mawazo, na anayebaki katikati ni binadamu.

Tunayasema haya ili mjue kwamba hatuungi mkono mikataba hii kwa kufumba macho. Tunaiunga mkono tukijua mashimo yake.

*HESABU YA KIBONDO*

Sasa turudi nyumbani. Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama hapa Kibondo au kule Kasulu anajua kesi zinazosomwa kwa wingi. Mtu ameingia nchini bila kibali. Mtu amekutwa nje ya kambi bila ruhusa. Mara nyingi ni kibarua aliyevuka kuja kulima mihogo na maharage ya mmoja wetu, tena wakati mwingine mwenye shamba ni mwanachama wa chama fulani ambaye kesho yake analalamika kwamba Warundi wamejaa. Tusijifiche. Mpaka wetu ni mto Malagarasi na vichaka. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Tumeoana. Bibi wa wengi wetu alizaliwa upande wa pili.

Sisi wa ofisi hii tulisomea hesabu, basi mturuhusu tupige hesabu. Hizi si takwimu za Serikali, ni mfano tu, lakini mfano unaonyesha njia.

Mtu anahukumiwa faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha mwaka mmoja. Hana 500,000, na angekuwa nayo asingevuka kuja kulima kwa kibarua. Anaingia ndani. Akiwa na tabia njema hupunguziwa theluthi, kwa hiyo anakaa miezi minane, sawa na siku 243 hivi. Tumwekee shilingi 2,000 tu kwa siku, bei ya sahani ya ugali na maharage kwa mama lishe wa stendi. Inakuja shilingi 486,000. Hapo hatujaweka dawa, maji, kuni, mshahara wa askari wala mafuta ya gari la kumpeleka mahakamani. Wakiwa 40 wa namna hiyo, ni shilingi 19,440,000 za chakula peke yake.

Na zile faini zao, 500,000 mara 40, milioni 20, ziko wapi? Hazipo. Katika daftari la hesabu, faini isiyoweza kulipika haiandikwi kuwa mapato. Kwa hiyo tumekosa milioni 20 ambazo hazikuwepo, na tumetumia milioni 19 na ushei zilizokuwepo. Mwisho wa yote, siku ya 243 mtu yule yule anapelekwa mpakani na kuvushwa, jambo lililowezekana siku ya kwanza. Nauli ya kumfikisha Mabamba haifiki thamani ya wiki mbili za chakula hicho.

Wakati huo huo magereza yote ya nchi yetu yana uwezo wa kubeba watu takriban 30,000, na mara kwa mara idadi imekuwa ikivuka hapo. Anayelala kwa ubavu kwa sababu ya msongamano ni kijana wetu pia, aliyewekwa mahabusu kwa ugomvi wa kilabuni.

Serikali yenyewe imeshawahi kuliona hili. Januari 2021, Rais wa Ethiopia, Bi. Sahle-Work Zewde, alipomtembelea Rais Magufuli Chato, Rais wetu alitangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa magerezani kwa kuingia nchini bila kibali. Watu 1,789 wa kosa hilo, wa taifa moja, ambao wala hawapakani nasi. Lilikuwa jambo jema. Lakini msamaha wa mara moja si utaratibu. Ni sawa na kulipa deni la dukani bila kuacha kukopa. Mwezi unaofuata daftari linaanza kujaa upya.

*MKATABA PEKE YAKE HAUTATIBU*

Hapa tunataka kuwa wakweli, maana Jumapili wengi walidhani tukibadilishana wafungwa na Burundi gereza litapumua. Rudini kwenye lile sharti la tatu: muda uliobaki usipungue miezi sita. Mfungwa wa mwaka mmoja, akipunguziwa theluthi, ana miezi minane. Maombi yakizunguka kati ya Kibondo, Dodoma, Bujumbura na kurudi kwa miezi mitatu, ameshatoka kwenye sifa. Na mahabusu ambaye kesi yake haijaisha hayumo kabisa.

Maana yake mkataba wa kuhamisha wafungwa unamfaa mwenye kifungo kirefu. Unamfaa kijana wa yule mama. Unamfaa Mrundi aliyefungwa miaka 15 kwa kosa zito huku. Kibarua aliyevuka kulima haumgusi. Huyo anahitaji kitu kingine: asifungwe. Aandikishwe, achukuliwe alama za vidole, arudishwe mpakani, na akirudia ndipo sheria imkaze.

Hivyo ni vitu viwili, na anayevichanganya anaharibu vyote.

*WANAOSEMA "WAOZEE NDANI"*

Tunawaheshimu wanachama wenye msimamo huu na hatutawabeza. Barabara ya Kibondo na Kasulu tuliisafiri miaka ambayo basi halikuondoka bila askari mwenye bunduki. Wapo kati yetu waliovuliwa viatu porini, na wapo waliozika. Silaha zilivuka mpaka na watu wakavuka nazo. Mtu aliyepoteza ndugu kwa ujambazi hawezi kuambiwa tu kwamba mfungwa ana haki.

Kwao tunasema mambo matatu.

Kwanza, jambazi hatoki. Kuhamishwa si kutoka. Nchi yetu ikiona kosa ni zito mno, au haina imani na gereza la upande wa pili, ina haki ya kukataa, maana ridhaa ya nchi iliyofunga ni moja ya zile tatu.

Pili, hofu kwamba wakifika kwao wataachiwa ni hofu ya kweli. Tumewapa mfano wa Ruggiu. Tunaongeza wa Chad. Mwaka 2007 Wafaransa sita wa kikundi kilichojiita cha kutoa misaada walikamatwa wakitaka kuwasafirisha watoto 103 kwenda Ulaya. Mahakama ya N'Djamena iliwapa miaka minane ya kazi ngumu, na ndani ya siku chache wakahamishiwa Ufaransa kwa mkataba wa zamani kati ya nchi hizo. Machi 2008 Rais Déby akawasamehe, wakatoka. Lakini angalieni nani alitoa msamaha: ni Rais wa Chad, nchi iliyowahukumu, si Ufaransa. Basi mkataba wetu useme hivyo hivyo kwa maandishi: kusamehe kubaki kwa nchi iliyohukumu, na kila mwaka orodha ya waliohamishwa iletwe ikaguliwe.

Tatu, mkumbuke hili ni la pande mbili. Wanaovuka si Warundi peke yao. Vijana wetu wa Mabamba, wa Heru Ushingo na wa vijiji vyote vya ukanda huu wanavuka kila wiki na mchele, na dagaa, na pikipiki. Ukisema "waozee ndani" huku, kuna mtu anasema neno hilo hilo Ruyigi, na anayeozea ni mwanao.

Wapo pia Watanzania waliofungwa mbali zaidi. Mwaka 2013 kasisi wa magereza ya Hong Kong, Padri John Wotherspoon, alisaidia kusambaza barua za Watanzania waliofungwa huko kwa kubeba dawa za kulevya, wakiwasihi wenzao wa nyumbani wasikubali kubebeshwa. Hao walikosa na walihukumiwa. Lakini wana mama zao, na wa kule hata mbuzi 20 hawatoshi nauli.

*MKIMBIZI NI HABARI NYINGINE*

Hapa tunaomba umakini zaidi, kwa sababu sisi tunaishi na kambi. Nyarugusu ipo Kasulu tangu 1996. Nduta ilifunguliwa tena hapa Kibondo Oktoba 2015. Mtendeli, kule Kakonko, ilifungwa Desemba 2021. Tumekuwa wenyeji wa watu waliokimbia mwaka 1972, mwaka 1993 na mwaka 2015.

Mkimbizi akifanya kosa ahukumiwe kama mtu mwingine. Lakini hawezi kuhamishwa kupelekwa gereza la nchi aliyoikimbia kwa kuambiwa kwamba ni raia wa huko. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini. Ndiyo maana lile sharti la tano, ridhaa ya mfungwa mwenyewe, kwetu Kibondo si urembo wa karatasi. Ndilo linalotenganisha uhamisho na kumkabidhi mtu kwa adui yake.

Na ridhaa iwe ya kweli. Aulizwe kwa lugha anayoijua, mbele ya hakimu na si mbele ya mnyapara, na apewe siku za kufikiri. Hata jina lake lisipelekwe kwenye ubalozi mdogo wa nchi yake pale Kigoma kabla ya yeye kukubali. Kuna mtu ambaye kujulikana tu kwamba yuko hai na yuko gereza gani ni hatari kwa ndugu zake waliobaki.

*MAGEREZA YA KUPANGISHA*

Tumfikie sasa yule ndugu wa dola. Alichosikia redioni kipo, na tumueleze kwa haki.

Ulaya wameshapangishana magereza. Ubelgiji ilipangisha gereza la Tilburg nchini Uholanzi kuanzia 2010 hadi 2016, na Norway ikapeleka wafungwa wapatao 240 Uholanzi kuanzia 2015 hadi 2018. Denmark imekubaliana na Kosovo kupata nafasi 300 katika gereza la Gjilan, kwa malipo ya takriban euro milioni 200 kwa miaka 10, na bunge la Kosovo liliridhia mwaka 2024. Angalieni ni nani Denmark inataka kuwapeleka huko: wageni waliofungwa Denmark ambao watafukuzwa nchini wakimaliza.

Machi 2025 Marekani ilisafirisha Wavenezuela zaidi ya 200 hadi gereza kubwa la El Salvador, kwa makubaliano ya dola milioni 6. Wengi wao hawakuwa na kesi wala hukumu huko walikopelekwa. Julai mwaka huo huo zamu ikafika Afrika. Eswatini ilipokea watu watano, wa Vietnam, Jamaika, Laos, Cuba na Yemen, ambao walishamaliza vifungo vyao Marekani, ikawaweka gerezani. Agosti, jirani zetu Rwanda wakatangaza kukubali kupokea hadi watu 250 waliofukuzwa Marekani, na Uganda nayo ikatangaza makubaliano yake.

Ndugu wanachama, wekeni mambo haya mawili kwenye mizani. Mkataba tunaoutaka sisi unamleta mtu karibu na mama yake. Huu mwingine unampeleka mtu mahali asipojua hata jina lake, kwa sababu aliyemfukuza ana fedha na anayempokea ana shida. Wa kwanza unauliza ridhaa ya mfungwa. Wa pili haumuulizi. Wa kwanza una hukumu na una tarehe ya kutoka. Wa pili, mtu wa Vietnam aliyemaliza kifungo chake Texas au kwingineko anakaa Eswatini kwa hukumu ipi?

Na hata kwa hesabu tupu, ni biashara mbaya. Fedha inaingia Hazina mara moja. Gereza linabaki wilayani. Mgonjwa anaanguka kwenye hospitali ya wilaya ambayo tayari inahudumia wenyeji na wakimbizi. Mkataba ukivunjika, kama ulivyovunjika wa Niger, anayebaki na watu ni wilaya, si aliyetia saini. Sisi tuliokaa na kambi miaka 30 tunajua wageni huletwa na ndege na kamera, kisha kamera huondoka.

Kigoma isiwe ghala. Hilo tunalipinga, na tunaomba tawi lilipinge kwa azimio, kabla halijaja. Likishakuja tutaambiwa limeshasainiwa.

*TUNACHOPENDEKEZA*

Kwa hiyo ofisi inaleta kwenu azimio lenye vipengele vitano, litakalopelekwa kata, kisha wilaya, na nakala kwa wabunge wa mkoa wetu:

1. Serikali ifanye na Burundi, na pia na Kongo, utaratibu wa kuhamishana wafungwa wa vifungo virefu kwa kutumia sheria ya 2004. Kama kuna makubaliano yoyote tayari, yasomwe hadharani kwa Kiswahili.

2. Ridhaa ya mfungwa iwe sharti lisilovukika, na mkimbizi asihamishwe kwenda nchi aliyoikimbia.

3. Msamaha ubaki kwa nchi iliyohukumu, na kuwe na ukaguzi wa kila mwaka kwa pande zote mbili.

4. Mtu ambaye kosa lake pekee ni kuvuka bila kibali arudishwe mpakani mapema badala ya kufungwa kwa kushindwa kulipa faini asiyoweza kuilipa. Anayerudiarudia na mwenye kosa lingine ashughulikiwe kisheria.

5. Mkataba wowote wa kupokea wafungwa au watu waliofukuzwa na nchi nyingine kwa malipo uletwe bungeni kabla ya mtu yeyote kushushwa uwanjani. Katiba yetu, Ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Wabunge wetu waulizwe mapema watapiga kura gani.

Tunajua watakaosema tawi la Kibondo ni nani hata lishauri mambo ya Bujumbura na Marekani. Jibu ni kwamba mkataba unasainiwa hotelini, lakini unatekelezwa hapa. Hapa ndipo lilipo gereza, ndipo ulipo mpaka, na ndipo anapokaa mama mwenye mbuzi.

*KAZI YA WIKI HII*

Mabalozi wa mashina wapite nyumba kwa nyumba. Familia yenye ndugu aliyefungwa nje ya nchi ituletee jina lake, mahali alipo, kosa na muda wa kifungo, kama wanavijua. Anayeogopa kuandika aje ofisini aseme kwa mdomo, na daftari hilo litakaa kwa katibu peke yake. Msiweke majina humu kwenye kundi. Hatuna uwezo wa kumtoa mtu, na asije mtu akawadanganya kwamba tawi linatoa watu gerezani kwa pesa. Uwezo wetu ni kupeleka majina kwa njia halali, ili ubalozi wetu ulioko Bujumbura usipate kisingizio cha kusema haukuwa na habari. Kwa nchi nyingine nako ni hivyo hivyo.

Kuhusu nauli ya yule mama, mweka hazina amethibitisha kwamba mfuko wa tawi unaweza kutoa nusu. Nusu iliyobaki tunaiomba kwenu, kila mmoja kwa nafasi yake. Stakabadhi itatolewa, na hesabu itasomwa Jumapili kama kawaida, senti kwa senti.

Kikao ni Jumapili saa nane kamili mchana, si saa nane ya Kibondo. Ajenda ya kwanza ndiyo hii, ili giza lisitukute tena.

Imetolewa na:
Ofisi ya Katibu wa Tawi
Kibondo, Kigoma